Dkt. Beatrisi Manase na Mnyoo Aliyekosa Jina

Ifikapo Jumanne ya tarehe 30 Juni 2026, Dkt. Beatrisi Manase, Mtafiti Mwandamizi wa viumbe wasio na uti wa mgongo, atastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Viumbe vya Pwani, hapa Sahare, kwa miaka thelathini na minne. Alikuja Septemba 1992 akiwa binti mwembamba mwenye viatu vyeupe. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu wanne, na viatu bado vyeupe. Mtu anawezaje kuzunguka kwenye tope la mikoko miaka yote hiyo na kurudi na viatu vya namna ile? Sisi wenzake hilo limetushinda.

Dkt. Manase ni mtoto wa Pongwe. Baba yake alikuja kutoka Songea kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akamwoa binti wa Kisambaa kutoka Bumbuli, na wote wawili walikuwa Walutheri wa kweli kweli: Jumapili kanisani, Jumatatu kazini, na uwanja wa nyumba kufagiliwa kabla jua halijatoka. Ukitaka kumwelewa mama huyu, anzia kwenye huo uwanja. Usafi kwake si tabia, ni imani. Nimewahi kumwona akifuta meza ambayo alikuwa ameifuta mwenyewe robo saa kabla, tena huku anaongea na simu.

Alipoajiriwa alipelekwa kitengo cha samaki, kama kila mtu wa wakati ule. Hakudumu. Alisema samaki wana watu wao, wana wavuvi, wana wafadhili, wana hata wapishi, lakini minyoo bapa hawana mtu. Akaomba apewe minyoo. Mkurugenzi wa wakati huo alidhani binti anatania, akasaini. Hivyo ndivyo Tanga ilivyopata mtaalamu wake wa minyoo bapa, na watoto wa Chumbageni anakoishi wakapata wa kumwita Mama Minyoo. Anaitika. Sisi watu wazima tunamwita Mama Noa, kwa jina la mwanawe wa kwanza, maana tunajipenda.

Sasa wengi wakisikia mnyoo, akili inakwenda kwenye dawa na tumbo la mtoto. Minyoo wa Mama Noa si hao. Hawa ni wa baharini, wanaishi huru, hawamwingii mtu. Ni wembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na wanatembea kwa kuteleza juu ya mawe, wakisukumwa na vinyweleo ambavyo jicho tupu halivioni. Hawana mapafu wala matamvua, hawana moyo, hawana damu. Hewa inapenya ngozi, basi. Macho wanayo mengi, wengine zaidi ya mia, vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ila wanachoona ni mwanga na giza tu. Mdomo uko katikati ya tumbo, na kwa kuwa utumbo hauna njia ya pili, chakula kinaingia na mabaki yanatoka palepale. Jambo hili la mwisho Dkt. Manase alipenda sana kulieleza saa nne asubuhi, wenzake tukiwa tumeshika bajia.

Mimi ni mtu wa matumbawe. Matumbawe yanapigwa picha, yanawekwa kwenye kalenda, watalii wanayaulizia. Kwa hiyo nilikuwa nikimtania kwamba wanyama wake hata kalenda ya maduka ya dawa hawawezi kuingia. Yeye hujibu kwa upole kwamba tumbawe ni zuri kwa sababu limekaa tu, halijawahi kuulizwa swali gumu. Tumetaniana hivyo miaka ishirini, na sijashinda hata mara moja.

Maana swali gumu lipo, nalo ni la jina. Samaki ukimtazama mapezi, magamba na rangi, mambo mengi yamekwisha. Mnyoo bapa rangi yake inadanganya, kwa sababu mwili unapitisha mwanga na chakula alichokula jana kinaonekana leo. Kwanza unamgeuza uone kama tumboni ana kinyonyeo, kikombe kidogo anachojishikizia kwenye jiwe. Mwenye nacho anaingia upande mmoja wa ukoo, asiye nacho anaingia mwingine. Kisha unatazama macho yamepangwaje, yako kichwani tu au yamezunguka ukingo wote wa mwili. Hapo umepata familia, na ukibahatika, jenasi. Spishi yenyewe imejificha kwenye viungo vya uzazi, ambavyo mnyoo mmoja anavyo vyote, vya kiume na vya kike. Havionekani kwa kumkodolea macho. Lazima umgandishe kwenye nta, umkate vipande vyembamba kuliko unywele, uvipake rangi, uvipange kwenye vioo kwa mfuatano, halafu umjenge upya kichwani mwako kipande kwa kipande. Na lazima awe mtu mzima. Mtoto viungo hivyo bado hana, kwa hiyo jina hapewi.

Kumbukeni hilo la mtoto, maana ndilo lililomtesa mwenzetu.

Mwaka 2009, siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwisho pale Kigombe, Dkt. Manase aligeuza jiwe akakuta mnyoo asiyemfahamu. Alikuwa mfupi kuliko punje ya mchele, rangi ya chai ya maziwa, madoa meupe pembezoni, na macho yake yamejipanga kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichokuwa nayo. Dokta alipiga yowe, akina mama waliokuwa wakichokoa pweza jirani wakaacha kazi wakakimbia kumsaidia, wakidhani amechomwa na mwiba. Alipowaonyesha alichokipata, mmoja akasema pole mwanangu, wakarudi kwa pweza wao.

Tangu hapo kila mwaka alirudi Kigombe, akaenda Mwarongo, akaenda mpaka Moa. Alimpata tena na tena chini ya mawe, na kila mara alikuwa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na viungo vilivyokomaa. Chupa ziliongezeka kabatini, zote na kibandiko kilekile: spishi isiyojulikana. Hatimaye alijaribu kuandika maelezo yake hivyohivyo, akapeleka kwenye jarida la kigeni. Mhakiki akajibu kwamba huyu si spishi mpya, ni mtoto wa spishi inayojulikana, ile inayokua hadi urefu wa kidole gumba. Akapeleka mara ya pili na michoro zaidi. Jibu likawa lilelile. Siku hiyo hakukasirika, au niseme alikasirika kwa staha: alifuta vioo vyote vya madirisha ya maabara, ndani na nje.

Tusidanganyane, hofu yake ilikuwa ya kweli. Hapa Kituoni hakuna mwingine anayesomea minyoo bapa. Wanafunzi aliowalea, na amewalea vizuri, wameishia kwenye majongoo bahari na mwani, na siwalaumu. Kama angestaafu bila kumpata mtu mzima, mnyoo yule angebaki kwenye chupa bila jina, na kwa sayansi kiumbe asiye na jina ni kama hayupo. Mwaka jana, tukiwa tunasubiri mvua iache, aliniambia anaona kama anahama nyumba na kumwacha mtoto barazani. Alisema akiwa ametazama pembeni.

Sasa niwaeleze sheria ya bomba. Nje ya maabara namba mbili kuna bomba, na juu yake kibao alichokiandika Mama Noa mwenyewe: OSHA KWANZA, INGIA BAADAYE. Hakuna gamba, jiwe wala mzizi wa mkoko uliovuka kizingiti chake bila kusuguliwa na maji ya bomba mpaka ung'ae. Mwenzetu Jumbe, mtafiti wa chaza, huleta mafungu ya chaza kutoka mikoko ya Tongoni kila wiki, na kila wiki Bi. Tuhfa Yakoub huyapokea pale bombani. Bi. Tuhfa ni mhudumu wetu wa maabara, mzaliwa wa Wete kule Pemba, mkaazi wa Makorora, na kwa brashi hana mpinzani. Dkt. Manase alikuwa akimsifu mbele ya wageni kwamba chaza wa Tuhfa unaweza kuwapeleka harusini. Walipendana kwa sababu hiyo kwanza, mengine yakaja baadaye.

Novemba iliyopita, Jumbe alifika na ndoo zake, na bomba halikutoa hata tone. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Mama Noa alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Chaza hawaingii. Jumbe akamsihi, jua lilikuwa kali, chaza wataanza kufunguka wafe, na hiyo ilikuwa sampuli ya wiki nzima. Hawaingii. Bi. Tuhfa akatoa wazo: atandike magazeti sakafuni, chaza waingie na tope lao moja kwa moja kwenye tangi la kioo la maji ya bahari, na maji yakirudi ataosha yeye chaza, sakafu na kuta. Mama Noa alisema weee, alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kisambaa, mwisho akasogea pembeni. Alishinda siku nzima akilitazama lile tangi kama mtu aliyelazimishwa kulaza mgeni mlevi.

Kesho yake alikuja mapema kuliko sote, ili asafishe. Sisi tulikuwa ndio tunaingia getini tuliposikia yowe. Jumbe alisema nyoka. Mimi nikachukua fagio. Tulimkuta Mama Noa amepiga magoti mbele ya tangi, kidole kimegusa kioo, machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali. Juu ya kioo, kwa upande wa ndani, palikuwa na minyoo wadogo wa rangi ya chai ya maziwa, madoa meupe pembezoni, wanateleza taratibu wakitoka kwenye makaka ya chaza. Walikuwa wamewazidi kidogo tu wale wa Kigombe, punje ya mchele kamili. Na kwa kuwa miili ilipitisha mwanga, kila mtu aliona: matumbo yalikuwa yamejaa mayai.

Watu wazima! Kumbe wakikua wanahama mawe, wanaingia baina ya chaza, wanakula vichaza vidogo. Jumbe papo hapo akapata jibu la kwa nini vichaza vyake vilikuwa vinakufa na kubaki makaka matupu, akaanza kuwatukana minyoo mbele ya mtu asiyefaa kabisa.

Furaha ile ilikatika ghafla. Nilimwona Mama Noa akigeuka kutazama nje, kwenye bomba. Mnyoo wa baharini akiguswa na maji ya bomba hana dakika. Anavimba, anapasuka, anabaki ute. Miaka yote ile aliyokuwa akigeuza mawe pwani nzima, watu wazima wa mnyoo wake walikuwa wakiletwa na gari kila wiki hadi mlangoni pake, na kila wiki waliyeyuka bombani, kwa amri yake mwenyewe. Hakuna aliyejua atafanya nini. Akakaa kwenye ngazi, chini, bila kupangusa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na sisi tukamfuata.

Asiyecheka alikuwa Bi. Tuhfa. Yeye alisimama ameshika brashi, akasema Yarabi, ni mikono yangu hii, ni mimi niliyewaua mmoja mmoja. Alilia kweli, na hatukuweza kumnyamazisha. Mama Noa akainuka, akamnyang'anya ile brashi, akamwambia mdogo wangu, mikono yako ilikuwa inafuata kichwa changu. Jioni hiyo kibao cha bomba kiling'olewa, na aliyeking'oa ni yeye aliyekiandika.

Kazi haikuwa imekwisha. Minyoo walikuwa wachache, na kila mmoja hukatwa mara moja tu. Wa kwanza aliharibika: hewa ilikuwa na unyevu, nta ikalegea, wembe wa mashine ya kukatia ukaruka pale pale palipotakiwa. Dkt. Manase ana desturi ya kuimba tenzi za kanisani akiwa kazini, sauti ya pili, kwa nguvu, apende jirani asipende. Wiki hiyo hakuimba. Jumbe alivua viatu akipita kwenye korido. Hata mimi nilifunga mdomo, jambo ambalo limeandikwa kwenye kumbukumbu za Kituo. Wa pili alikatika vizuri, mwanzo hadi mwisho.

Akatuita kwenye hadubini, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kumwona mzazi hospitali. Vyote vilikuwepo. Kinyonyeo nyuma ya tundu la kike. Kiungo cha kiume kimoja, chenye sindano fupi iliyopinda, wakati ile spishi ya mhakiki inavyo viwili vilivyonyooka. Na mayai, yamepangika kila upande wa utumbo. Alimwandikia mhakiki kwa adabu zote za kitaaluma, kurasa nyingi, vielelezo, vipimo. Kwetu sisi alifupisha: mtoto gani huyu mwenye mayai tumboni? Mwezi Aprili jarida likakubali. Mhakiki, tumpe haki yake, aliongeza mstari wa pongezi.

Likabaki jina. Mgunduzi hampi kiumbe jina lake mwenyewe, hiyo ni aibu ya wanasayansi duniani kote. Jumbe alitaka mnyoo aitwe kwa jina la Tongoni. Mkurugenzi aligusia jina la Kituo, akagusia tena. Mimi nilipendekeza jina la Mama Noa kwa mlango wa nyuma, nikaambiwa nirudi kwenye matumbawe. Yeye akamwita Bi. Tuhfa, akafunga mlango, akamwambia mnyoo ataitwa kwa jina lake.

Bi. Tuhfa alitoka mbio. Subhanallah, alisema, dokta, mimi nimekukosea nini? Mnyoo! Wete watasemaje? Ndugu zake watapiga simu kutoka kisiwa kizima. Kama ni lazima jina lake litumike, basi apewe samaki, hata changu mdogo, hata kaa, ila si mnyoo. Tulicheka sana, na yeye akazidi kukasirika. Mama Noa hakubishana. Alimtoa mmoja aliyekuwa hai kwenye tangi, akamweka chini ya hadubini kwenye tone la maji ya bahari, akavuta kiti, akamwomba akae tu atazame.

Bi. Tuhfa alikaa kwa shingo upande. Akatazama. Akasogeza uso, akatazama tena, na hakuondoka. Sisi tuliokuwa mlangoni tulimsikia akisema polepole kwamba kumbe ana pindo, pindo jeupe limezunguka mwili mzima, na ndani ana matawi matawi, na anacheza. Alikaa pale muda mrefu. Kisha, bila kuinua uso, akauliza kama jina hilo mtu mwingine anaweza kuja kulifuta. Mama Noa akamjibu kwamba hapana. Wanaweza kumhamisha mnyoo jenasi, wanaweza kubishana juu ya familia yake, sisi sote tunaweza kufa, lakini jina la Tuhfa litamfuata kila watakakompeleka, na atakayemtaja mahali popote duniani atamtaja yeye.

Bi. Tuhfa akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema, basi mwandike.

Mama Noa, umetufundisha kutazama vitu ambavyo tungevikanyaga, na umetufundisha kucheka tulipokosea, kuanzia wewe mwenyewe. Tunakushukuru kwa hayo, kwa ukali wako, kwa sauti ya pili ya tenzi zako, na hata kwa yale maelezo ya saa nne asubuhi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na wajukuu wasiochafua uwanja. Vioo vya mnyoo viko kabatini, vimepangwa kwa mkono wako, na atakayemtilia shaka aje Tanga atazame. Ana jina sasa, mama. Nenda kapumzike.

Castory Tadeo, Kitengo cha Matumbawe, kwa niaba ya wafanyakazi wote